Dampo Lililofungwa Lina Mwenyewe

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam,

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoshwa na dampo la jiji lililokuwa jirani na nyumba zao. Moshi, inzi, harufu. Wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, Kesi ya Madai Na. 299 ya mwaka huo, na wakashinda: halmashauri ikaamriwa iache kumwaga taka pale na itafute mahali ambapo hazitadhuru watu. Haikuacha. Iliomba muda, ikapewa, kisha ikarudi kuomba tena. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo lilimfikia Jaji Lugakingira, naye akalitupa. Alisema hajapata kusikia popote chombo cha umma kikienda mahakamani, tena kwa kujiamini, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasimama juu ya Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Wanasheria wa mazingira wanaitaja hukumu ile hadi leo.

Sasa fuateni magari yalikokwenda baada ya hapo. Yalikwenda Kunduchi Mtongani. Huko nako watu 795 wakafungua kesi, mwaka huohuo wa 1991, na Jaji Rubama akalizuia jiji kuendelea, maana eneo lile lilikuwa limepangwa kwa makazi. Magari yakageuzwa kwenda Vingunguti, kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi. Baada ya Vingunguti ikaja zamu ya Mtoni, upande wa Temeke. Mtoni ikafungwa, yakapanda Pugu Kinyamwezi.

Kila mtaa ulioshinda ulimtwika mzigo jirani yake bila kukusudia. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anayepumua moshi wa plastiki usiku kucha hana wajibu wa kumtafutia mkurugenzi kiwanja kingine. Wajibu huo ulikuwa wa jiji, na jiji lilitimiza nusu yake tu: liliondoa magari, likaziacha taka. Ndiyo maana ninawaandikia wote kwa pamoja, wa Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni na Pugu. Kwa zaidi ya miaka thelathini tumepigana kila mtaa na lake, nalo jiji limekuwa likituhama kama mdaiwa anayebadilisha njia ya kurudi nyumbani.

Dampo halifi siku lango linapofungwa. Madampo yetu ya zamani hayakutandikwa chini tabaka lolote la kuzuia maji, si udongo wa mfinyanzi wala karatasi nzito ya plastiki. Masika yakipiga, mvua inapenya kwenye lundo, inapita kwenye betri, makopo ya rangi, mabaki ya dawa na mizoga, kisha inatokea chini ikiwa maji meusi yenye chumvi nyingi, amonia, na madini kama risasi na kadimiamu. Maji hayo hufuata mteremko. Mengine huingia mtoni, mengine huzama ardhini, na mchanga wa pwani yetu hupitisha maji upesi. Huku ndani ya lundo, taka zinazooza pasipo hewa zinaendelea kutoa gesi ya methani miaka mingi baada ya gari la mwisho kuondoka. Hilo wakubwa wetu hawawezi kulikana. Mwaka 2007 mradi wa kukusanya gesi ya dampo la Mtoni ulisajiliwa katika mpango wa hewa ukaa wa Itifaki ya Kyoto. Kama gesi ya dampo lililofungwa ilikuwa na thamani ya kuorodheshwa kimataifa, basi na maji yanayotoka chini ya madampo hayohayo yana haki ya kupimwa.

Mahali popote mvua ilipokata ukingo wa dampo la zamani, simama utazame. Utaliona jiji la miaka ya tisini limepangwa kwa matabaka: mifuko ya rambo isiyotaka kuoza, soli za kandambili, nyaya, vizibo vya soda, vioo, na katikati yake mstari mweusi unaotoka jasho hata wiki za jua kali. Chini kidogo ya mstari huo mtu amelima tuta la matembele. Hatua chache mbele kuna kisima kifupi kilichofunikwa bati, na ndoo yenye kamba. Aliyelima tuta lile na aliyechimba kisima kile hawakuambiwa na yeyote kilicho chini yao. Hakuna kibao. Hakuna uzio. Mgeni anayenunua kiwanja pale anaoneshwa ardhi tambarare yenye majani.

Sisemi kwamba kila uchafu wa Msimbazi umetoka dampo. Mto ule unapokea maji ya viwandani, ya machinjioni na ya vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, na watafiti wameshaandika mara nyingi kuhusu madini mazito katika maji, udongo na mboga za bonde hilo. Wingi huo wa vyanzo ndio umekuwa kichaka cha kujifichia. Kiwanda kinalitaja dampo, dampo halina wa kulisemea, na mlaji wa mchicha anabaki na sahani yake. Dawa ya mabishano hayo inajulikana: chukua sampuli juu ya dampo na chini yake, kiangazi na masika, halafu linganisha. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa ajabu. Inahitaji mtu mwenye mamlaka aamue kuifanya na kutangaza majibu.

Mtu huyo ni nani? Hapo ndipo tunapozungushwa. Halmashauri iliyoshtakiwa na watu wa Tabata haipo tena. Ilivunjwa mwaka 1996 ikawekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na halmashauri mpya ya jiji, kisha zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Kwa mipaka ya leo, Tabata na Vingunguti ziko chini ya Jiji, Mtoni iko Temeke, Kunduchi iko Kinondoni. Juu yao ipo taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi tumeizoea kwa jina la NEMC, na kwa maji ya ardhini ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Mama mwenye kisima akienda ofisini kuuliza, anajibiwa, “Mama, lile dampo lilishafungwa zamani.” Akisema maji yake yamebadilika rangi, anaelekezwa Bodi ya Bonde. Huko anaambiwa taka ni za halmashauri. Halmashauri inamwambia afisa mhusika yuko semina, aje wiki ijayo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemkatalia. Amezungushwa tu mpaka nauli ikamwishia. Halmashauri inapovunjwa, majengo yake yanarithiwa, magari yake yanarithiwa, madeni yake yanarithiwa. Na dampo ni sehemu ya urithi huo. Lina mwenyewe, na mwenyewe ana ofisi, ana bajeti na ana muhuri.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inamruhusu mtu kwenda mahakamani si kuzuia uchafuzi tu, bali pia kumlazimisha ofisa wa umma atekeleze wajibu wake, kumtaka aliyeharibu arejeshe mahali katika hali yake, na kudai fidia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa kwa maandishi. Na mbele yetu, jirani zetu wa Kenya wametuonesha kwamba uvumilivu unalipa: watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda mwaka 2020, wakanyang'anywa fidia katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Waliobebeshwa lawama humo ni pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kukilinda kijiji kile.

Kampala iliamka kwa njia ya kuumiza zaidi. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la dampo la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua, likafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Kila mtu alikuwa anajua kwamba Kiteezi imejaa. Wakuu wa mamlaka ya jiji walifukuzwa na baadaye wakafikishwa mahakamani, lakini hayo yalikuja baada ya makaburi. Nawaomba wa Pugu walisome tukio hilo kama barua iliyoandikwa kwao. Dampo lenu bado linapokea taka, na siku litakapojaa msikubali lifungwe kwa mnyororo na kufuli pekee.

Najua kinachowanyamazisha wengi. Si uvivu. Ni alama ya X. Watu wa bonde la Msimbazi hawajasahau Desemba 2015, nyumba zilivyowekwa alama nyekundu na kubomolewa mvua zikiwa juu. Aliyejenga juu ya dampo la zamani, au kando yake, anajiuliza: nikipiga kelele kuhusu sumu, si nitakuwa nimeliita tingatinga mwenyewe? Hofu hiyo ni ya haki na haijibiwi kwa maneno matamu. Jibu lake ni namna tutakavyodai. Tusidai “eneo lisafishwe,” maana neno hilo serikalini linaweza kumaanisha watu ndio waondolewe. Tudai vitu vinavyotajika: maji yapimwe na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa, kingo zinazomomonyoka zijengewe, lundo lifunikwe udongo wa mfinyanzi, ichimbwe mitaro ya kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye taka, viwekwe visima vya uchunguzi, na kaya zenye visima vibovu zipelekewe maji ya bomba. Madampo ya zamani duniani kote hushughulikiwa hivyo, na mengi ya hayo hufanyika watu wakiwa wanaishi jirani. Ikithibitika kwa vipimo kwamba familia fulani haziwezi kubaki, hapo mazungumzo ya kuhama na fidia yaanze yakiwa na karatasi mezani.

Ombi langu la kwanza ni kwa wenyeviti wa serikali za mitaa. Mzee wangu, mama yangu uliyechaguliwa na watu: weka dampo kwenye ajenda ya mkutano ujao wa mtaa. Muhtasari uandikwe, usainiwe, ugongwe muhuri. Malalamiko ya kijiweni hayana kumbukumbu, lakini muhtasari wa mtaa ni hati.

Kwa majirani wa madampo: anzeni daftari. Andikeni tarehe mvua iliponyesha, kisima kilipobadilika, moshi ulipofuka ardhini, na picha za simu zenye tarehe. Tunzeni kadi za hospitali. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi za Katiba aeleze kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Sharti hilo liwepo au lisiwepo, mwanaharakati wa Masaki hawezi kushuhudia kwa niaba yenu. Majina yanayohitajika ni yenu, kama yalivyohitajika ya watu wa Tabata. Wa Masaki, Mbezi na Mikocheni wana sehemu yao pia, kwa sababu taka zile zilikuwa zetu sote. Kipimo cha maabara kina bei. Tuchangishane, kama tunavyochangishana harusi na misiba, na risiti zisomwe mkutanoni.

Kisha tuandike barua moja. Mitaa yote mitano, maneno yaleyale, wiki ileile, kwa wakurugenzi wa Jiji, Temeke na Kinondoni, nakala kwa taasisi ya mazingira na Bodi ya Bonde. Tuulize: ramani ya dampo iko wapi, lilifungwa kwa mpango upi, nani analisimamia leo, maji yamepimwa lini, majibu ni yapi, na bajeti ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi. Msikubali kuiacha barua mezani kwa karani. Pelekeni masjala, rudini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo. Jibu lisipokuja, twende kwenye kikao cha baraza la madiwani, tukae kimya kwenye viti vya wananchi, diwani wa kila kata aulize swali lilelile. Likishindikana na hilo, tutoe notisi ya siku 90 ya kuishtaki serikali. Mashirika ya kutetea haki na mazingira kama LHRC na LEAT yana wanasheria wanaojua njia hiyo.

Na kuna sharti moja ambalo naomba tuwekeane kabla ya yote. Mtaa wowote ukipata majibu mazuri kabla ya mingine, usijitoe. Vingunguti ikijengewa kingo, ibaki kwenye barua mpaka Mtoni ipimwe. Mtoni ikipimwa, ibaki mpaka Pugu ipate mpango wa kufungwa uliosainiwa na kutengewa fedha. Mwiteni mwenyekiti wenu wiki hii, mumwombe tarehe ya mkutano.