Wanaodharau mabondia wa zamani wamemsahau Foreman

Vijana wanadai mabondia wa leo wangemwangusha Muhammad Ali mapema, eti wale wa zamani walikuwa wepesi. Waulizwe juu ya George Foreman. Kule Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa na miaka 25 na hajashindwa hata mara moja. Ali, miaka 32, aliegemea kamba, akavumilia ngumi, akamwangusha raundi ya 8. Foreman huyohuyo, mwaka 1994, mzee wa miaka 45, alimlaza bingwa Michael Moorer wa miaka 26. Basi mwepesi ni nani?

Tyson alikuwa hatari raundi za kwanza, hakuna anayebisha. Lakini enzi ya Ali ubingwa ulipiganiwa raundi 15, si 12 za leo.