Tuisome na Mikataba

Kila panapotajwa fahari ya Zanzibar ya kale, hakosi mtu wa kuitaja merikebu Sultana. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar na Maskati, ikiwa imepakia pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi, pamoja na farasi na lulu za kumtunza Rais wa Marekani. Wenyeji waliitengeneza bure katika karakana ya jeshi lao la majini, na Ahmad akachorwa picha akiwa na kilemba chake. Habari hii ni ya kweli, na anayejivunia hana kosa. Kosa ni kuishia hapo, kwa maana zawadi na mapokezi ni adabu ya ugeni tu. Diplomasia yenyewe ya miaka ile imo kwenye karatasi zilizotiwa sahihi, na karatasi hizo hatuzisomi. Nasema tuzisome, na vijana wetu tuwasomeshe.

Miaka saba kabla ya safari hiyo, Septemba 1833, Seyyid Said alifunga mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, huko Maskati. Mmarekani akaruhusiwa kufanya biashara katika bandari zote za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5 ya mali anayoteremsha, na si zaidi. Wamarekani wakigombana wao kwa wao, hakimu wao ni balozi wao, si kadhi wala liwali. Waingereza nao wakapata mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844, kila mmoja akihakikisha hapitwi na mwenzake. Basi na tupime uzito wa asilimia 5. Forodha ndiyo iliyokuwa mhimili wa hazina, nayo ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Mtawala aliyekwisha kuahidi kiwango kimoja kwa mataifa makubwa matatu hawezi tena kukipandisha mahitaji yanapoongezeka, wala kuitoza zaidi nguo ya kigeni ili mfumaji wa kwake apate nafuu. Nguo za pamba za viwanda vya Massachusetts zikamiminika, zikavaliwa hadi bara, na jina lake tunalo mpaka leo: merikani.

Atasema mtu, Sultani angefanya nini mbele ya mataifa yenye manowari? Jibu limo katika mkataba wenyewe wa 1839. Waingereza walitaka biashara huria, lakini kifungu cha 10 kinatenga pembe za ndovu na sandarusi za Mrima, kuanzia upande wa Tanga hadi Kilwa, ziwe nje ya uhuru huo. Bidhaa mbili zenye thamani kubwa kuliko zote za pwani ile zililindwa kwa maneno machache. Kumbe palikuwa na nafasi ya kubishana, na aliyejua anachokitaka alikipata. Mwingine atasema utawala ule ulikuwa wa mabwana wa watumwa, na hasara yake si yetu. Kweli, karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, na hakuna aliyewauliza neno katika mkataba wowote. Ule wa 1845, alioufunga Hamerton, balozi wa Uingereza, ulikataza kuwasafirisha kwenda Arabuni. Hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo karatasi hiyohiyo iliziruhusu meli za kivita za Uingereza kuvikamata vyombo vya raia wa Sultani vilivyobeba watumwa. Haki na mamlaka ya mgeni viliingia kwa mlango mmoja, na msomaji anapaswa kuviona vyote viwili.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Wanawe, Majid wa Unguja na Thuwaini wa Maskati, waligombea urithi, na ugomvi wa ndugu ukapelekwa kwa mtu wa mbali, Lord Canning, gavana mkuu wa India. Mwaka 1861 akaamua dola ligawanywe, na Majid ailipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, Uingereza na Ufaransa zikaahidiana kuheshimu uhuru wa masultani hao wawili. Ahadi nzuri, lakini ilikuwa ahadi ya wao kwa wao. Mwaka 1890 walipoona faida nyingine, wakafunguana: Ufaransa ikaitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, Uingereza ikaitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska. Mwalimu wa historia, ukishamaliza kusimulia Sultana, mpe mwanafunzi karatasi ile ya 1862 aishike mkononi, ahesabu sahihi zilizo chini yake, kisha mwambie aitafute ya Majid.