Mbaraka Mwinshehe angeshika chati leo?

Wapenzi wa zilipendwa wana swali wasilolichoka: kama Mbaraka Mwinshehe angekuwa kijana leo, je, wimbo wake "Shida" ungetamba? Wazee hujibu bila kusita kwamba ungezifunika nyimbo zote za sasa. Vijana nao hujibu bila kusita kwamba wimbo mrefu kiasi kile hauna msikilizaji siku hizi. Kambi zote mbili zinaegemea dhana moja, kwamba wimbo hupendwa kwa nguvu zake wenyewe. Mimi naamini wimbo hutamba pale panapokuwa na mahali pa kuupokea. Tukipajua mahali hapo enzi za Mbaraka palikuwa wapi, na leo ni wapi, tutalijibu swali kwa haki, na tutaona pia deni tunalodaiwa.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na kujijengea jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ilimuua mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa pamoja, na upinzani wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Juma Kilaza uliufanya mji mdogo wa Morogoro kuwa ngome ya dansi. "Mtaa wa Saba", "Jogoo la Shamba" na "Shida" zilijulikana Tanzania na Kenya, mijini na vijijini.

Zilijulikanaje? Kwanza kwa redio. Tanzania Bara ilikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Stesheni za binafsi zilikuja miaka ya 1990. Bendi ikirekodiwa na kupigwa hapo, nchi nzima imesikia, na vipindi vya salamu vikaurudia wimbo huo wiki baada ya wiki. Pili, kwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, hivyo biashara yake ilikuwa Nairobi, na ndiyo sababu jina la Mbaraka lilikua Kenya sawasawa na nyumbani. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa ukumbi wa dansi. Bendi ilikuwa safarini mwaka mzima, na mtu aliyelipa kiingilio alikuwa amekuja kukesha.

Umbo la nyimbo zake lilitokana na ukumbi huo. Nyingi huanza taratibu. Kisa kinasimuliwa, mtu anashauriwa, anaonywa au anabembelezwa, na wachezaji bado wanatafutana. Kisha sauti zinanyamaza na magitaa yanachukua nafasi. Solo linazungumza, ridhimu linajibu, besi na tumba vinasukuma, na hapo ndipo chemko linapoanza na ukumbi mzima unakuwa katikati ya sakafu. Santuri ndogo haikuweza kubeba safari yote hiyo upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji aliinuka kuigeuza. Aliyeinuka alikuwa anajua kwamba utamu uko upande wa pili.

Chati za leo hazimsubiri mtu ageuze santuri. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Kipande cha TikTok mara nyingi huwa kifupi zaidi ya hapo. Mtayarishaji wa sasa anajua hivyo, ndiyo maana kiitikio husogezwa mwanzoni na ala za utangulizi hukatwa. Katika sekunde 30 za kwanza za wimbo wa Mbaraka, mara nyingi magitaa ndiyo kwanza yanasalimiana.

Kwa hoja hiyo, wengi humaliza kesi: Mbaraka ni mrefu, ni wa polepole, hawezi. Nakataa. Tuangalie amapiano. Muziki huu wa Afrika Kusini umeingia Dar es Salaam na Nairobi ukiwa na nyimbo zinazozidi dakika sita, zenye utangulizi usio na haraka na sehemu ndefu zisizo na maneno. Vijana hao hao wanaodaiwa kukosa subira wanausubiri mpaka besi iingie. Kwa hiyo tatizo si urefu wala mwendo. Amapiano ina madisko, ina madijei wanaoibeba usiku kucha, ina mitindo ya kucheza inayozaliwa kila wiki na kusambaa simuni. Ina ukumbi wake.

Mbaraka angekosa ukumbi huo tu. "Shida" ikitolewa leo kama ilivyo, na bendi isiyojulikana, bila video na bila mtindo wa kucheza, naamini haitaingia hata hamsini bora. Bendi za dansi bado zipo; Msondo Ngoma na Sikinde zinapiga Dar es Salaam mpaka leo. Lakini wanaohudhuria kumbi za bendi hizo ni wachache na umri wao umesogea, na simu zao sizo zinazoamua wimbo upi upande YouTube au Boomplay.

Hata hivyo wimbo wa zamani ukifunguliwa mlango mpya, huingia. Tunao ushahidi wetu wenyewe. Saida Karoli wa Kagera alitikisa nchi na "Maria Salome" mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiimba Kihaya mbele ya watu ambao wengi wao hawakuelewa neno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny aliutumia wimbo huo kutengeneza "Salome", ukatazamwa mamilioni ya mara, na mwaka uliofuata Saida mwenyewe akarejea na "Orugambo". Melodi haikuwa imechuja. Ilikuwa imekosa pa kupita. Uingereza nako, wimbo wa Kate Bush wa 1985, "Running Up That Hill", ulishika namba moja mwaka 2022 baada ya kutumiwa katika tamthilia ya Stranger Things, na ulipotoka mara ya kwanza uliishia namba tatu. Rekodi ni ile ile. Kilichobadilika ni mlango.

Wazee wenzangu wa dansi wana hoja nyingine, kwamba muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na wa sasa hauna. Hapa tunajipendelea. Tunaulinganisha mchele uliopepetwa kwa miaka 50 na mpunga uliovunwa jana. Miaka ya 1970 nayo ilikuwa na mamia ya santuri za kupita njia, na zimesahaulika kwa haki. Na wasanii wa sasa wa Bongo Fleva wana nyimbo zitakazodumu. Muda haujazichambua bado.

Basi jibu langu ni hili. Rekodi za Mbaraka kama zilivyo hazingeshika chati. Tungo zake zingeshika, zikipata msanii mwenye jina na mtayarishaji mwenye heshima. Ila gharama yake tuijue mapema. "Salome" ilibeba melodi na kiitikio, ikabadilisha midundo, na wimbo ukabaki salama kwa sababu nguvu yake ilikuwa kwenye sauti. Nusu ya Mbaraka iko kwenye gitaa. Atakayechukua maneno ya "Shida" na kulitupa solo atakuwa amechukua sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili, na chati zitaimba jina la Mbaraka bila kumfikisha kijana kwenye utamu wenyewe.

Kwa hiyo chati zisiwe hakimu wa Mbaraka, ila tuzitumie kumfikisha kwa vijana, na kwa hili muda unatubana. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 huilinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki 1979, hesabu hiyo inakoma 2029. Baada ya hapo yeyote nchini ataweza kuzitumia tungo zake bila kuwalipa warithi wake. Leo hii nyimbo zake nyingi mtandaoni zimepandishwa na mashabiki kwa mapenzi, zikiwa na majina ya bendi yaliyokosewa na miaka ya kubahatisha. Wenye rekodi za wakati ule wazitoe zikiwa safi, jina la mtunzi, jina la bendi na mwaka vikiwa sahihi, na malipo yaende kwa familia. Wasanii wanaotaka kuziimba upya waanze sasa, waombe ruhusa, na wamwite mpiga solo studio. Swali kama Mbaraka angetamba leo linajibika, na jibu lake linatutegemea sisi tulio hai.