Pendezesha Nyumba: Tenga la Mgeta Darini

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuangalie juu. Ndiyo, darini! Wengi tukimaliza kujenga tunakimbilia ile taa kubwa ya kuning'inia yenye vioo vya kumetameta. Matokeo yake sebule inafanana na ukumbi wa harusi, hela imekwenda, na wenye nyumba wamenuniana.

Sasa twende Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kunakotoka kabichi, njegere na plamu tunazokula mjini. Tenga la mianzi la kubebea mazao ni zuri kuliko unavyodhani. Chukua jipya, lipindue, pitisha waya na holda katikati. Likiwashwa, kivuli cha msuko wake kinachora kuta zote. Jirani hana hiyo!

Ila zingatieni haya:

Ukubwa: Jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu lisome kwa inchi. Chumba cha futi 12 kwa 14 kinataka taa ya inchi 26 hivi.

Kimo: Juu ya meza ya chakula acha kama sentimita 75. Mahali pa kupita, iwe zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni.

Balbu: Weka LED. Balbu 6 za zamani za wati 60 zinakula wati 360. LED 6 za wati 8 ni wati 48 tu. Tena hazichemki sana, na mianzi na joto haviivi chungu kimoja. Kwenye baridi ya mlimani, chagua mwanga wa njano.

Uzito: Jipsamu haibebi taa. Fundi aifunge kwenye mbao za kenchi, na mein swichi izimwe kwanza.

Mkifika kwenye urembo, kila mmoja alete chake. Kwa mila ya Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mwanaume aliyejenga ukweni anaweza kulipa kila fundi na bado akajiona mgeni. Dada, usimchagulie kila kitu! Kama kwao ni Pwani, mwache atoboe vifuu vyake vya nazi avining'inize kando ya shanga zako. Jioni akiinua macho, ajione na yeye yumo.

Tukutane mwezi ujao!