Mgema Akisifiwa: Haja ya Uhakiki wa Picha za Mto Tana

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutajwa sana madarasani tunaposoma fasihi simulizi, lakini ni nadra kuihusisha na kamera. Hata hivyo, anayetazama picha za viumbe na mandhari zinazopigwa na vijana wa Hola na vijiji jirani ataona jinsi inavyowahusu. Kijana hupiga picha ya kiboko majini au ya mdiria tawini, akawaonyesha jamaa na marafiki, nao wakamjibu kwa neno moja: "Safi!" Neno hilo humfurahisha, ila halimfunzi lolote. Na kwa kuwa nyani haoni kundule, mpigapicha mwenyewe hawezi kutarajiwa kuziona kasoro zote za kazi yake. Makala hii inashikilia kuwa chipukizi huyu anahitaji uhakiki, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kumsaidia kuupata.

Uhakiki wa kwanza ni wa ufundi. Katika misitu ya kandokando ya mto, kati ya Hola na Garsen, ambako hifadhi ya nyani ilitengwa mwaka 1976, wanaishi mbega mwekundu wa Tana na nyani aina ya mangabei. Wote wawili wamo hatarini kutoweka, na hawapatikani porini kwingineko duniani. Mbega hukaa juu mitini akila majani; mangabei hutumia muda mwingi chini akitafuta matunda na mbegu. Kumwambia mpigapicha kuwa picha yake ya mbega "haikutoka vizuri" ni sawa na kutomwambia kitu. Mhakiki wa kweli atasema: mwanga wa mbingu uko nyuma ya mnyama, ndiyo maana uso wake umekuwa kivuli, subiri jua liwe chini, kisha usimame upande linakotoka. Kuhusu mangabei atasema: ulipiga ukiwa umesimama, tukaona mgongo tu, chuchumaa hadi macho yako yawe sawa na yake. Kauli kama hizi hutaja kinachoonekana, hueleza kinasababishwa na nini, kisha huonyesha njia. Pasipo mambo hayo matatu, maoni hubaki kuwa sifa tupu au kejeli tupu.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu karne mbili zilizopita, na kila upande ulilazimika kunoa makali yake. Mshairi chipukizi anayepungukiwa na mizani haambiwi tu kuwa shairi lake ni baya. Huonyeshwa ubeti, mshororo na kipande kilichopwaya. Ikiwa lugha yetu imejaaliwa desturi madhubuti kiasi hiki ya kuhakiki maneno, kwa nini tukose la kusema mbele ya picha?

Uhakiki wa pili, ambao ni mzito zaidi, ni wa ukweli. Mashindano mashuhuri ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa London yamewahi kufuta ushindi kwa sababu ya ukweli na wala si ufundi. Mwaka 2010 ilifutwa picha ya mbwamwitu akiruka lango, baada ya waamuzi kuridhika kwamba yamkini mnyama huyo alikuwa amefugwa na kufunzwa. Mwaka 2018 ikafutwa nyingine, iliyopigwa Brazil, wataalamu walipohitimisha kuwa mnyama aliyeonekana ndani yake alikuwa maiti iliyokaushwa, ingawa mpigapicha alikana. Picha zote mbili zilikuwa zimewapendeza waamuzi. Waliozitilia shaka walihitaji macho yaliyowajua wanyama.

Huku Tana, macho hayo ni ya mkulima na mvuvi wa Kipokomo na ya mfugaji wa Kiorma. Chukulia mfano wa picha ya ukingo wa mto uliokanyagwa na kwato, yenye maelezo "uharibifu wa mazingira". Mfugaji ataitazama aseme kuwa hiyo ni malka, njia ya mifugo kuyafikia maji wakati wa kiangazi. Mkulima ataongeza kuwa njia hiyo inapakana na shamba, na kwamba mpaka wake una historia. Hapo maelezo ya picha hayawezi kubaki yalivyokuwa. Jambo hili si dogo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya jamii za eneo hili, ambayo mojawapo ya mizizi yake ni mvutano juu ya ardhi na maji. Picha yenye maelezo ya upande mmoja inaweza kuchochea palipotulia.

Wapo watakaodai kuwa uhakiki humvunja moyo anayeanza. Hoja hii ina uzito iwapo mhakiki analenga mtu badala ya kazi. Lakini sifa zisizo na msingi humvunja moyo vibaya zaidi siku kazi yake inapokataliwa na wageni bila maelezo. Wengine watasema kuwa mzee asiyewahi kushika kamera hana la kumfunza mpigapicha. Hao wanasahau kuwa hadhira ya hadithi haihitaji kuwa fanani ili itambue pale masimulizi yalipopotoka.

Kwa hiyo, vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni vianze na lililo karibu. Wanachama wanaorudi makwao Tana wakati wa likizo wawakutanishe vijana wachache na wazee wachache. Kila kijana alete picha tano na swali moja mahususi kwa kila picha. Wanachama waandike maneno yatakayotumiwa kutaja mwanga, umbali, kivuli na mandhari ya nyuma, kisha wayalete kwenye kurasa hizi ili yajadiliwe. Kijana atapata mwalimu, mzee atapata msikilizaji, na Kiswahili kitapata istilahi zilizotoka vinywani mwa watu. Naye mbega wa Tana, iwapo atabahatika kudumu, atakuwa na mashahidi wanaojua kumtazama.