Ati Giaboksi Haiguswi? Huo Uongo Unatumaliza

Wasee, leo sina utani. Kuna maneno ukiyasikia yadi ama kwa fundi, shika funguo zako utembee: "Hiyo giaboksi usiiguse, imefungwa na kampuni, oili yake ni ya maisha."

Maisha ya nani?

Brathe yangu alinunua Fielder kwa mkopo wa sacco. Asubuhi anabeba watu wa maua hapa South Lake Road, jioni anawarudisha Karagita, wikendi anapanda Mai Mahiu na abiria wa Nairobi. Oili ya injini alikuwa anamwaga kila kilomita 5,000 bila kukosa. Ya giaboksi? Aliuliza mara mbili. Mtu wa yadi akasema haiguswi. Fundi akasema haiguswi. Brathe ni mtu wa kusikia wakubwa, akaacha.

Mwaka wa pili gari ikaanza kukawia kushika ukiweka D. Halafu ikawa inalia mlimani, injini inapiga kelele na gari haiendi. Siku moja ikakataa kabisa, juu ya mlima, na abiria wanne ndani. Giaboksi ya mtumba ikaliwa na pesa iliyokuwa ya ada yangu ya muhula. Muhula huo sikurudi chuo, na mpaka leo sijarudi. Sitasema ni oili pekee iliyonitoa shule, kulikuwa na mengine. Lakini najua hesabu: sevisi ya elfu kadhaa ingeokoa karibu laki moja. Kwa hivyo mtu akiniambia "haiguswi", mimi huskia vibaya.

Sasa tuelewane hiyo oili hufanya nini, juu wengi wanadhani ni ya kulainisha tu. Zii. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, oili ndiyo mfanyakazi. Kuna pampu inaisukuma kwa presha, na hiyo presha ndiyo inabana klachi ndipo gia ishike. Kwa giaboksi ya CVT hakuna gia za kupanda moja moja, kuna mshipi wa chuma kati ya puli mbili, na ni presha ya hiyo hiyo oili inayozibana puli mshipi usiteleze. Tena oili hiyo hiyo ndiyo inatoa joto ndani na kulipeleka nje lipoe. Kazi tatu, mshahara mmoja.

Na inachoka. Joto linaiunguza polepole. Klachi zikisuguana zinatoa unga, chuma kinatoa vumbi laini. Chini kwa sampu kuna sumaku za kushika chuma, na kuna filta, lakini kwa magari mengi ya Japani hiyo filta ni wavu tu. Inashika vipande, vumbi laini linapita na kuzunguka na oili kila siku. Ongeza matuta, jua, na kupanda Mai Mahiu nyuma ya lori kwa mwendo wa konokono, halafu uniambie hiyo ni oili ya maisha.

Turudi kwa swali langu: maisha ya nani? ZF ni kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za otomatiki za BMW na wengine. Kuna magari yenye giaboksi zake yanauzwa na hiyo stori ya oili ya maisha. Lakini ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ama ikifika miaka 8, chochote kitakachotangulia. Anayetengeneza anasema badilisha. Wewe unamsikiza nani, yeye ama mtu wa yadi?

Hapo pa miaka 8 ndipo panapouma. Sheria yetu ya KEBS inasema gari la mtumba likiingia Kenya lisiwe limepita miaka 8. Mwaka wa 2025, kwa mfano, zilizoruhusiwa ni zilizosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Wengi tunanunua zile za mwisho wa mstari kwa sababu ndizo tunaziweza. Maana yake gari linashuka meli Kilindini wakati ule ule oili ya giaboksi inamaliza siku zake. "Ya maisha" ilikuwa maisha ya mwenyewe wa kwanza, kule Japani. Hayo yameisha. Sisi tunanunua maisha ya pili, na hakuna mtu ameyawekea oili.

Najua kuna msee tayari anaandika hapo chini: "Jamaa yangu alibadilisha, wiki ijayo giaboksi ikafa." Sawa, hiyo hutokea, sitakudanganya. Lakini uliza alibadilisha lini. Wengi hukimbilia oili wakati gari tayari inateleza, klachi zimeisha. Hiyo ni kama kupeleka mgonjwa hospitali akiwa wa kukata roho, halafu unalaumu daktari. Pia kuna mafundi wanaosukuma oili mpya kwa mashine kwenye giaboksi iliyokaa na uchafu miaka kumi, uchafu unang'oka na kwenda kuziba njia ndogo ndogo. Gari ya hivyo ifanye pole pole. Fungua nati ya chini, mwaga inayotoka, pima, rudisha kiasi hicho hicho. Haitatoka yote, nyingine inabaki kwa konvata. Endesha kilomita elfu chache, rudia. Ukiwa hapo shusha sampu, safisha sumaku, weka filta na gasketi mpya.

Kitu kingine kinachoua ni oili ya makosa. Kuna fundi ako na mtungi mmoja wa oili nyekundu na anaitia kwa kila kitu. Manze, angalia hiyo mikono. Fielder ya 1500 ya kuanzia 2012, ya otomatiki isiyo haibridi, ni CVT na inataka Toyota CVT Fluid FE. Note ya E12 ya petroli ya kawaida inataka NS-3. Demio ya kuanzia 2014 ina gia sita za kawaida na inataka Mazda FZ. Oili ya gia za kawaida ukiitia kwa CVT, mshipi utateleza. Na kama giaboksi haina kijiti cha kupimia, oili inapimwa injini ikinguruma na joto likiwa limefika kiwango cha kitabu, kwa Toyota nyingi karibu nyuzi 40. Fundi akikupimia kwa macho, huyo anacheza na doo zako.

Halafu kuna filta ya ziada. Ni kamkebe kadogo kenye sumaku na karatasi ndani, Magnefine ni mojawapo, na kanafungwa kwa mpira unaorudisha oili kutoka kwa rejeta kwenda giaboksi. Hako kanashika lile vumbi ambalo wavu unaachilia. Chagua yenye njia ya dharura, ili ikiziba oili iendelee kupita, fuata mshale, na uibadilishe kila ukibadilisha oili. Magari mengine hayana huo mpira, kipoza oili kimefungwa juu ya giaboksi yenyewe, kwa hivyo usilazimishe. Na haichukui nafasi ya oili mpya. Kuchuja chai iliyolala hakuifanyi mpya.

Sasa niwageukie nyinyi, marafiki zangu. Mtu wa yadi anatudanganya, ndio. Lakini sisi tunanunua gari Jumatatu, Jumatano tuko na rimu mpya, Ijumaa woofa, na mwezi ukiisha stika ya "Mungu Mbele" kwa kioo. Mungu mbele sawa, lakini giaboksi iko na oili ya 2018.

Ushauri wangu ni huu. Umenunua gari ya mtumba? Kabla ya rimu, badilisha oili ya giaboksi, ile ya kitabu, na uandike mileji na tarehe mahali. Kama ni gari ya kazi ama ya milima, usingoje hiyo laki ya ZF, mimi nasema kila 40,000. Na fundi akikwambia haiguswi, muulize swali moja tu: ikifa, utainunua wewe?

Mtumie hii yule rafiki yako ambaye gari yake imeanza kukawia kushika D. Bado ako na wakati, lakini si mwingi.