Tumbo linalouma, linaacha, linarudi

Mtoto ameamka vizuri, lakini kabla ya kwenda shule anashika kitovu na kulia. Amepauka, hataki chakula, anatapika. Kesho yake anacheza kama hakuna kilichotokea. Baada ya wiki kadhaa, tumbo lile lile tena. Mmoja nyumbani anasema ni mchango, mwingine anasema anakwepa shule.

Huenda si kimojawapo. Kuna kipandauso cha tumbo, ndugu wa kile cha kichwa. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 10. Watu wazima ni wachache. Mara nyingi mzazi au ndugu wa karibu ana kipandauso, na baadhi ya watoto hawa wakikua huumwa kichwa badala ya tumbo.

Kinachokitambulisha ni mwendo wake. Maumivu huwa katikati ya tumbo, hudumu saa 2 hadi siku 3, kisha mtoto hupona kabisa mpaka safari nyingine. Hakuna kipimo cha damu kinachokionyesha. Daktari huangalia kwanza minyoo, kichocho, malaria na maambukizi ya mkojo, halafu historia ya maumivu yaliyorudi angalau mara 5.

Kwa hiyo daftari la mzazi ni msaada mkubwa. Andika tarehe, muda maumivu yalipodumu, mtoto alikula nini na alilala kiasi gani. Kulala kidogo, kukaa na njaa, safari na hofu ya mtihani vinaweza kuyaamsha. Yakianza, mlaze penye giza na utulivu, mpe maji kidogo kidogo, na mapema mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Kwa familia za Songo Songo kuna jambo la ziada: hospitali ya wilaya iko Kilwa Kivinje, ng'ambo ya maji, na kusi likivuma si kila saa chombo kinavuka. Usisubiri ukiona maumivu yamehamia chini kulia, homa, matapishi ya kijani au yenye damu, damu kwenye choo, tumbo gumu, au mvulana anayeumwa korodani. Nenda zahanati saa hiyo hiyo, hata kama mtoto alishaambiwa ana kipandauso. Kidole tumbo hakingoji bahari itulie.

Na mtoto anayelia tumbo, aaminiwe kwanza. Maumivu haya ni ya kweli.